Ukurasa Wenye Kucha Tisa

3 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimeiandika kwa mwandiko mkubwa ili uisikie. Kaka ameniambia kwamba tangu ufike kwake simu umeifungia kabatini, eti inakuvumia sikioni kama nyigu na maneno yanafika yamevunjika. Haya, tutaandikiana. Ulinifundisha kushika tupa ya kucha kabla sijajua kushika mwiko, sasa utanifundisha na kusubiri posta.

Saluni uliyoniachia ipo salama. Nageuka nikuulize kitu, nakuta kiti chako kitupu, najijibu mwenyewe kwa sauti yako, wateja wanacheka. Mabeseni bado yapo chini ya dirisha. Ikifika saa nne asubuhi jua linaingia, maji yanarusha mwanga darini, na ule mwanga unatembea polepole hapo juu mpaka mtu aliyekuja na hasira zake analegea. Jana mwalimu mmoja alilala kabisa. Nilimkata kucha zote za miguu yeye yuko ndotoni, na alipozinduka akaniuliza kama tumeshafika. Nikamwambia tumefika.

Sasa kazi. Yule bi harusi mtarajiwa, aliyebandikiwa kucha za bandia kwingine, alikuja nimzibie ufa. Nikabandua, chini nikakuta kijani cha maji ya dimbwi. Nilimweleza kwamba maji yaliingia chini ya gundi yakakaa, nikakataa kumbandika tena. Analia, harusi ni baada ya wiki sita. Halafu mzee wa saa, fundi jirani yetu, ukucha wa kidole kikubwa cha mguu umemwota ndani ya nyama. Aliukata mwenyewe kwa koleo la kazini, akauviringisha vizuri, na bado anajisifu.

Lakini kilichonifanya niandike leo nisingoje Jumapili ni mama mshonaji, yule mwenye cherehani mkabala na duka la vifungo. Alikuja nimpake zambarau kwa ajili ya mahafali ya bintiye. Nikafuta rangi ya zamani, nikamvuta mkono dirishani kama ulivyonizoesha. Kwenye kidole gumba cha kulia kuna mstari mweusi, umeanza kwenye mzizi wa ukucha mpaka nchani. Vidole vingine havina kitu. Na pale ukucha unapokutana na ngozi niliona kama kivuli. Yeye anasema sindano ya cherehani ilimgonga zamani. Nimemwambia arudi baada ya wiki mbili, nikuulize kwanza wewe mwenye kazi.

Kila siku ulikuwa unatuimbia: ukucha haupakwi rangi kabla haujaonwa mtupu kwenye mwanga wa dirisha. Nimeuona, shangazi. Sasa nifanye nini na nilichokiona?

Chini ya jina langu nimeweka tone, kama tulivyoahidiana siku ya safari, kila barua na rangi iliyo mkononi. Langu ni waridi hafifu. Lako nalijua hata bila kuliona: zambarau iliyoiva, ileile ya miaka miwili, uliyojipaka mwenyewe hata asubuhi ya kuondoka na basi linapiga honi, ukaninyima mkono wako nisiuguse.

Ule mfereji mwembamba uliojichimba kuvuka kucha zangu zote baada ya homa ya Novemba umeshatoka kwenye mzizi. Unapanda.

Mimi Chanda wako


14 Februari

Chanda wangu,

Marahaba, tena marahaba ya mtu aliyeketi. Huku kwa kaka yako sina kazi hata ya kusukuma kiti. Yeye yuko maporini anapima viwanja, nyumbani tuko mimi na mkwe wangu, mkewe, na mkwe wangu ana adabu mpaka inachosha. Nikishika ufagio ananinyang'anya. Basi nalala mchana. Pazia la chumba changu ni jeupe, upepo unaliingiza ndani na kulitoa, na mimi naingia na kutoka nalo, sijui saa ngapi niko macho na saa ngapi sipo.

Juzi niliota mikono. Ilikuwa imepanga foleni mlangoni kwetu, mikono mitupu bila wenyewe, na mimi naitambua yote kwa kucha. Huyu mpishi. Huyu anauza mkaa. Huyu alifiwa mwaka jana, mfereji umefika katikati. Nilipotaka kuuliza wenyewe wamekwenda wapi, mkwe akaniletea chai.

Bi harusi ulimfanyia vyema. Aende zahanati, akae na kucha fupi, kavu, wala asijaribu kuficha kile kijani kwa rangi. Mwambie bwana harusi anaoa mtu, haoi kucha. Mzee wa saa umloweshe kwenye maji ya vuguvugu, umkate kwa mstari ulionyooka, na ukiona usaha tu usiguse, mpeleke kwa muuguzi hata kama itabidi umvute kwa sikio. Na hilo koleo lake mfichie.

Mama mshonaji mpake. Watu wenye ngozi kama yetu kucha zetu zina mistari, mama yangu alikuwa nayo kwenye vidole sita na alikufa kwa uzee. Usimtie mtu hofu kwa sababu ya uzi. Mpake zambarau, matabaka mawili, aende akampigie bintiye makofi. Si kila kionekanacho lazima kisemwe.

Nimeweka tone. Ulikuwa sahihi, ni ileile.

Shangazi yako


25 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Bi harusi amepata dawa na amekasirika, lakini kijani kinapungua. Mzee wa saa nilimfikisha kwa muuguzi, wamemtoa kipande cha ukucha, sasa anatembea na kandambili moja na kiatu kimoja, na anadai nimemwaibisha mtaani. Kila asubuhi ananiuliza koleo lake liko wapi.

Mama mshonaji nimempaka.

Nimempaka kwa sababu umesema wewe. Tabaka la kwanza mstari ulionekana bado, kama mtu aliyesimama nyuma ya pazia. Tabaka la pili ukapotea. Alifurahi, akaugeuzageuza mkono kwenye mwanga wa maji, akasema sasa anafanana na mama wa msomi. Nilimsindikiza mpaka mlangoni, nikarudi nikaketi kwenye kiti chako, na moyo haukukaa. Shangazi, kwa miaka tisa sijawahi kukuona unapaka juu ya kitu usichokijua. Mke wa mwenye nyumba ulimrudisha na kucha zake zilizopinda kama vijiko, ukamwambia hana damu ya kutosha, akapimwe kwanza. Alituchukia mwezi mzima, kisha akarudi na shukrani. Mimi mwenyewe uliwahi kunipiga mgongo wa mkono kwa tupa kwa sababu nilipaka juu ya fangasi. Kile kidonda cha aibu bado ninacho.

Basi nikalitoa daftari la kucha. Nilitaka kutazama jinsi ulivyokuwa ukiwachora wateja wenye mistari, nipate kutulia. Nikawaona. Mwenye mistari vidole vingi, umeandika pembeni, hii ni asili yake. Mwenye doa la kugongwa, umeandika, litahama, aliache. Mwenye mstari mmoja, kidole kimoja, umeandika, hospitali, na ukapigia mstari chini mara mbili.

Nikaendelea kufunua mpaka nikafika kwetu sisi wafanyakazi, zile kurasa unamotuchora kila mwanzo wa mwaka. Wangu una vidole kumi. Wako wa mwaka huu una kucha tisa. Wako wa mwaka jana una kucha tisa. Kidole gumba cha kushoto umechora kidole, pale penye ukucha umeacha weupe wa karatasi.

Sitaki kuuliza vibaya. Nakuuliza kama mtoto anavyomuuliza mkubwa wake. Kuna nini pale, shangazi?

Chanda


7 Machi

Chanda,

Daftari langu si gazeti la kusomwa na kila mwenye macho.

Nilibanwa na mlango wa stoo mwaka juzi, damu ikavilia. Basi. Nimekuachia saluni, sikukuachia vidole vyangu. Fanya kazi, acha kuchimbachimba.

Mkwe wangu anakusalimu.

Shangazi yako


16 Machi

Shangazi,

Barua yako imefika bila tone. Nimeigeuza mara tatu nilitafute.

Shikamoo kwanza, nisije nikaonekana nimekosa adabu kuanzia mstari wa juu. Kisha naomba uniache niseme, maana nikinyamaza nitapasuka. Damu iliyovilia huhama na ukucha. Wewe ndiye uliyenifundisha. Ulinikwaruzia alama ndogo ya tupa pembeni ya doa siku ile nilipobanwa na droo, ukasema tutazame, na wiki baada ya wiki alama na doa vikapanda pamoja mpaka nikavikata nikavitupa. Ukucha wa mkono unamaliza safari yake kwa nusu mwaka. Wewe umebanwa na mlango mwaka juzi. Hiyo damu bado inafanya nini hapo?

Ulikuwa unawaambia wateja, mganga hajigangi, kwa hiyo hata mimi siku moja mtanishika mkono mnipeleke. Tulicheka. Na ulikuwa unawaambia lile lingine, mficha maradhi, halafu unangoja wamalizie wenyewe. Malizia mwenyewe, shangazi. Mimi mkono umekataa kuliandika.

Nilikwenda kwa mama mshonaji. Nilibeba pamba na dawa ya kufutia rangi, nikamkuta kwenye cherehani. Nikamwambia nimekosa, nimekuja kufuta. Alidhani ni utani, akanipa mkono akiwa bado anacheka. Nilipofuta, mstari ukatoka palepale ulipokuwa. Nikamwambia kwamba mara nyingi ni kitu cha kawaida, lakini wa kwako uko peke yake na sikuupenda ule weusi pembeni, na mtu wa kusema si mimi, ni daktari.

Akauacha ule utani. Akasema, "Uliuona siku ileile?"

Nikasema ndiyo.

"Na ukapaka?"

Nikasema ndiyo. Akageuka akaendelea kushona, mguu wake unakanyaga, kitambaa kinakwenda, na mimi nimesimama pale na pamba yangu chafu. Sikukutaja, shangazi. Nilisema nimepaka mimi, na ni kweli nilipaka mimi. Kesho yake nilimsindikiza hospitali. Wamechukua kipande kidogo cha chini ya ukucha, majibu baada ya wiki tatu. Kwenye benchi hakunisemesha, ila nilipopiga chafya alinipa leso.

Sasa sikia. Kesho yake ukishapata barua hii, saa nne asubuhi, keti dirishani. Futa. Tazama. Nimeweka ndani karatasi yenye vidole kumi nilivyovichora, havina kucha. Chora unachokiona, unirudishie. Nakuogopa, hilo unalijua, lakini naogopa zaidi kubaki kwenye chumba hiki na mwanga ule darini na wewe hupo popote pa kuandikiwa.

Tone langu nimeliacha. Niko mikono mitupu mpaka unijibu.

Chanda


9 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Zimepita zaidi ya wiki tatu. Nimemuuliza kaka kwa simu, anasema uko salama, unakula, unalala mchana, umeacha kuongea mezani. Nimemwomba asikuulize chochote. Hili ni lako.

Majibu ya mama mshonaji yametoka. Ni baka tu lililojificha chini ya ukucha, kama mabaka ya mgongoni. Halina ubaya, watamwangalia baada ya miezi sita. Alikuja saluni mwenyewe kuniambia. Akaketi, akaweka mkono mezani, akasema nimpake wote isipokuwa kile kimoja, maana amekizoea. Kisha akasema zile wiki tatu hakushona hata kishikizo, alikuwa anakaa mbele ya cherehani anaitazama. Akasema bora zile wiki tatu kuliko zile ambazo hakujua.

Bi harusi ameolewa na kucha zake mwenyewe, fupi kama za mtoto wa shule. Mzee wa saa alikuwa mgeni wake na alicheza.

Natazama mlango wa posta kama mtu anayedai.

Chanda


20 Aprili

Chanda wangu, mwanangu,

Karatasi yako imekaa chini ya mto wangu siku ishirini na nne. Nilikuwa nailalia. Mkwe wangu akitandika kitanda anaiinua, anaipangusa, anairudisha. Adabu yake ile niliyokuwa nailalamikia, naomba radhi.

Juzi barua yako ya pili ilifika, ya mama mshonaji. Nikaisoma nimesimama. Nikamwambia mkwe alete pamba. Akaleta pamba na kichupa cha dawa ya kufutia, kumbe alikuwa amekinunua zamani akakiweka tayari jikoni nyuma ya chumvi. Tukakaa dirishani. Nilipofungua kifuniko ile harufu ikanirudisha kwetu, nikausikia mlango wako, maji yanamiminwa, wewe unacheka na mtu. Nikafuta.

Nimekuchorea, utauona humo ndani. Miaka miwili iliyopita mstari ulikuwa uzi. Sasa una upana wa njiti ya kiberiti, juu mwembamba chini mnene, na rangi imevuka ukingo ikaingia kwenye ngozi. Nilidhani nitapiga kelele. Nilitulia tu, kama mtu aliyemkwepa mwenzake barabarani kwa muda mrefu, halafu siku moja wakajikuta wameketi benchi moja.

Nitakueleza ilivyokuwa, maana unastahili. Niliuona siku ya Jumatatu, asubuhi, kabla hujafika kazini. Nilijua. Sikudhani, nilijua. Nikasema Ijumaa nitakwenda. Nikapaka ili wateja wasiulize. Ijumaa rangi ilikuwa bado nzuri, sikutaka kuifuta bure. Hivyo ndivyo nilivyofika miaka miwili, kwa Ijumaa moja moja. Kila mwanzo wa mwaka nilifungua daftari nijichore. Ningeweza kuchora ukucha safi pale, nani angejua. Kalamu ilikataa kusema uongo na mdomo ulikataa kusema kweli, pakabaki pengo.

Na unajua kilichoniogopesha? Si kufa. Niliogopa watakikata kidole. Watu wanadhani kazi yetu ni ya mkono wa kulia kwa sababu ndio unaopaka. Wa kulia unapaka, Chanda, lakini wa kushoto ndio unaomshika mtu. Kidole gumba hiki ndicho nilichowashikia wote. Wewe nilikushika nacho ulipokuja kwangu na mfuko mmoja na kucha ulizozitafuna mpaka damu. Bila hicho mimi ni mwanamke mwenye brashi tu. Ndiyo maana nilitoka saluni nikasema nimechoka. Sikuchoka. Nilikuwa nakimbia dirisha lile.

Uliponiandikia habari za mama mshonaji nilijiona mimi. Nikaona, akienda yeye itabidi niende na mimi. Kwa hiyo nikamwamuru mtoto wangu ampake mtu rangi juu ya hofu yangu. Kama yale majibu yangekuja vingine, ningekwambia nini? Nimelifikiria hilo kila mchana, pazia linaingia, pazia linatoka. Nisamehe. Na yeye nitamwomba radhi kwa mdomo wangu, usinisemee.

Alhamisi tunakwenda hospitali, mimi na mkwe. Tone hakuna, kichupa cha zambarau amekitupa na sikumkataza.

Shangazi yako, asiye na rangi


30 Mei

Chanda,

Umeniandikia barua nne na mimi sikujibu hata moja. Zote nimezisoma, ile ya mzee wa saa kukutengenezea saa ya ukutani inayokwenda nyuma nimeisoma mara mbili kwa wagonjwa wenzangu. Mkono ulikuwa umefungwa, na nilikuwa sitaki kuandika kabla sijajua ninachoandika.

Ni ule ugonjwa, saratani ya chini ya ukucha. Jina lake refu mkwe ameliandika kwenye karatasi, mimi nimekataa kulibeba kichwani. Wameutoa ukucha wote pamoja na mzizi wake na ngozi ya chini, wakaziba kwa ngozi ya paja. Daktari ni kijana mpole mwenye kucha safi sana, nilizitazama kwanza kabla ya uso. Amesema ulikuwa bado umelala pale juu juu, haujashuka mwilini. Akasema ningechelewa mwaka mmoja tungekuwa tunaongea mengine. Watakuwa wananiita kila miezi mitatu nikaguliwe, na nitakwenda, kila Ijumaa watakayoitaka.

Kidole wameniachia. Ukucha ndio hautarudi.

Nilipofunguliwa bandeji nilikitazama siku nzima. Hakina uso. Kiko laini, kinashtuka hata upepo wa pazia ukipita. Usiku huo huo wa dawa zao niliota tena ile mikono mlangoni, ila safari hii ilikuwa na watu wake, na wote wakanipisha nikapita mbele ya foleni kama mgeni. Nikaamka ninacheka na uso umelowa.

Jana nilimwambia mkwe aweke mkono mezani. Nikamshika kidole cha shahada kama ninavyoshika wateja. Changu kiliuma. Lakini kilishika, Chanda. Hakikumwachia.

Nakuja. Kaka yako atanileta Jumamosi ya tatu ya Juni. Sitaki kiti changu, kikalie wewe, umekistahili. Nataka kile cha wateja, cha dirishani. Sijui saluni itanitazamaje. Kwa miaka yote niliwaambia watu waonyeshe, sasa zamu ni yangu, na sijui kama nitaweza kuuweka ule mkono juu ya taulo mbele ya watu. Niambie ukweli kama itakuwa tabu kwako. Nitaelewa.

Shangazi yako


6 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo, na tena shikamoo, na ya tatu ya akiba.

Barua yako niliisoma mbele ya mabeseni, saa nne, mwanga unatembea darini. Nililia mpaka mwalimu wa usingizi akaamka akanishika bega. Nilimweleza. Akasema siku utakayokuja hatalala.

Mama mshonaji nimemwambia wewe una neno naye. Akasema anajua ni neno gani, maana siku ileile aliona usoni mwangu kwamba rangi ile haikuwa uamuzi wangu. Atakuja Jumamosi hiyo na yeye. Amekushonea kijifuko cha kidole cha pamba laini, cha kuvaa wakati wa upepo. Ametumia uzi wa zambarau, nikamwambia hapana, akafumua akaanza upya kwa mweupe. Mzee wa saa naye nimemrudishia koleo lake kwa kiapo.

Unauliza kama itakuwa tabu kwangu. Shangazi, mimi nilikuja kwako na vidole vilivyotafunwa, nikavificha chini ya makalio kwa siku mbili. Hukuvivuta. Uliweka maji ya vuguvugu mezani ukaendelea na shughuli zako, mpaka nikavitumbukiza mwenyewe. Nitakuwekea maji vilevile. Utautoa mkono utakapotaka, hata kama ni jioni. Mlango nitaurudishia.

Nimelifungua daftari, ukurasa wako. Lile pengo sikulijaza. Nimelizungushia penseli, kidole kizima kama kilivyo sasa, laini bila ukucha, na pembeni nimeandika tarehe. Kwa hiyo ukurasa umekamilika. Kucha tisa ndiyo hesabu yake.

Na ule mfereji wangu wa homa umefika nchani. Leo asubuhi nimeukata wote, nikaukusanya kwenye kiganja, vipande vidogo sana, nikavitazama kidogo kisha nikavitupa. Vidole vyangu havikumbuki tena kwamba niliwahi kuumwa. Chako kitakumbuka, na mimi nitakishika.

Nimepanga hivi. Nitakuosha vyote kumi. Nitakupaka tisa, rangi yoyote utakayochagua, ila ile ya zamani nimeimaliza kwa kupaka mguu wa meza. Lakini kabla sijafungua kichupa chochote nitakuvuta mkono dirishani, nikutazame.

Chini ya jina langu kuna matone tisa ya waridi, na nafasi ya moja. Njoo mapema, kabla jua halijahama. Maji nitayapasha mimi.

Chanda wako